Kelvin Yondani na Mabao Ambayo Hayakufungwa

Nenda Shinyanga mjini, kaa kwenye benchi lolote la kahawa karibu na stendi, kisha uliza: Stand United ilipoifunga Yanga mwaka 2016, nani alifunga? Utajibiwa kabla hujamaliza swali. Pastory Athanas. Ilikuwa tarehe 25 Septemba 2016, Uwanja wa Kambarage. Yanga alikuwa bingwa mtetezi, alikuja na mastaa wake wote mjini na akaondoka amefungwa 1-0. Watakueleza mpira ulivyokwenda, nani alimkumbatia nani jukwaani, nani alipoteza kiatu kwenye shangwe. Wengine wataongeza chumvi, na chumvi ni haki yao.

Sasa uliza swali la pili. Bao lilipoingia, Yanga alihangaika kusawazisha mpaka filimbi ya mwisho. Nani walimzuia? Hapo benchi linanyamaza. Mmoja anakuna kichwa. Mwingine anataja jina, mwenzake anamkatalia, anasema huyo wakati ule alishaondoka. Kahawa inaisha na jibu halijapatikana.

Nimeuliza maswali haya mawili mara nyingi, na si kwa Stand United peke yake. Chagua mechi yoyote kubwa ya nchi hii uone. Mfungaji anakumbukwa mpaka rangi ya viatu vyake, beki anakumbukwa kama sehemu ya uwanja, kama nguzo ya goli. Akikumbukwa kwa jina, mara nyingi ni kwa sababu alikosea.

Kwa hiyo leo naandika kuhusu beki mmoja, Kelvin Yondani. Nimemchagua kwa sababu mbili. Kwanza, ni mtoto wa Kanda ya Ziwa, mzaliwa wa Mwanza, na maisha yake ya soka yalizunguka nchi hadi yakamrudisha kanda hiyohiyo, Geita, kwenye mkanda wa dhahabu. Pili, ukitafuta mtu ambaye jina lake kila mpenzi wa mpira analijua, lakini wachache wanaweza kukuambia alichofanya, huwezi kupata mfano mzuri kuliko yeye.

Ukiyaandika maisha yake kwa mistari michache, yanasomeka hivi. Simba kuanzia 2006. Mwaka 2012 akavuka barabara kwenda Yanga, na si unajua kuvuka barabara ile kukoje: klabu zote mbili zilimgombania, zikavutana hadharani, na mitaani maneno hayakuisha. Yanga alikaa miaka minane, hadi 2020. Akapita Polisi Tanzania, kisha 2021 akatua Geita Gold. Katikati ya hayo yote aliitumikia Taifa Stars, na mwaka 2019, akiwa na miaka 34, alikuwa kwenye kikosi kilichokwenda Misri kwenye Fainali za Mataifa ya Afrika.

Hii ni karibu miaka kumi na tano ya mpira wa juu, na zaidi ya kumi kati ya hiyo ilikuwa ndani ya Simba na Yanga, ambako mchezaji akivurunda Jumamosi, Jumatatu anaogopa kupanda daladala. Alikuwa Simba wakati klabu hiyo inatwaa ubingwa wa msimu wa 2009/10 bila kupoteza mchezo hata mmoja. Alikuwa Yanga walipobeba ubingwa wa 2012/13, kisha mitatu mfululizo kuanzia 2014/15 hadi 2016/17. Lakini ya msimu ule wa Simba usio na doa, ukiuliza, utatajiwa Mussa Hassan Mgosi aliyekuwa mfungaji bora. Ya Yanga ya 2015/16 utatajiwa mabao 21 ya Amissi Tambwe. Ya Yondani tutataja namba gani? Hatuna. Hakuna aliyekuwa anahesabu.

Na hapa ndipo penye tatizo la mwandishi wa historia. Historia tumezoea kuiandika kwa kufuata yaliyotokea. Vita vilipiganwa, mtu akatawazwa, bao likafungwa. Kazi ya beki ni kuhakikisha jambo halitokei. Pasi imepigwa, mshambuliaji anaikimbilia, beki aliona mapema akasogea hatua mbili upande wa kushoto, pasi ikamkuta yeye. Basi. Mchezo unaendelea. Mwandishi wa gazeti jukwaani hata kalamu hajainua. Bao lile ambalo lingefungwa halikufungwa, na kitu ambacho hakikutokea hakina dakika wala picha.

Wasukuma hawahitaji kufafanuliwa sana jambo hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, huku Kahama na Shinyanga, wananchi waliochoshwa na wizi wa ng'ombe walijipanga kulinda wenyewe, na ndipo sungusungu walipoanzia kabla ya kusambaa nchi nzima. Tuna masimulizi mengi ya usiku ule wezi walipokamatwa: yowe lilipigwa, vijiji vikaamka, watu wakatoka na pinde na mishale. Lakini sungusungu wengi maisha yao yalikuwa kukesha usiku ambao hakuna kilichotokea. Mwizi alisikia kwamba kijiji kile kinalindwa, akapita mbali. Asubuhi ng'ombe wapo zizini, wote, na hakuna anayekwenda kumshukuru mtu kwa sababu ng'ombe wapo zizini. Si ndipo wanapokaa?

Beki ni mkeshaji wa aina hiyo. Ukitaka kuandika historia yake, huna budi kuangalia zizi, uhesabu ng'ombe waliobaki.

Tujaribu kuhesabu basi. Tuanze na mechi ambayo kila Mtanzania wa rika fulani anaijua hata kama hakuwa amezaliwa. Tarehe 26 Agosti 1979, Ndola, Zambia. Peter Tino anasawazisha, 1-1, Taifa Stars inafuzu kwenda Lagos kwenye Fainali za Mataifa ya Afrika za 1980, mara ya kwanza katika historia yetu. Bao la Tino limesimuliwa kwa miaka arobaini na zaidi na litaendelea kusimuliwa, na linastahili. Lakini angalia hesabu nzima. Mechi ya kwanza Dar es Salaam tulishinda 1-0. Ya pili ilikuwa sare ya 1-1. Maana yake Zambia, timu ngumu kwelikweli, kwa dakika 180 ilipata bao moja tu. Bao la Tino lilikuwa na thamani ile kwa sababu huko nyuma watu walikuwa wamebana. Kama Zambia wangepata matatu, tungekuwa tunamsimulia Tino kama mtu aliyepata bao la kufutia machozi.

Kizazi kile kilikuwa na mabeki kama Jella Mtagwa na Leodegar Tenga. Mtagwa alipata bahati ambayo mabeki hawapati: picha yake iliwahi kuchapishwa kwenye stempu, akasafiri juu ya bahasha za watu kwenda nchi ambazo hakuwahi kufika. Tenga wengi wanamjua kama kiongozi wa mpira, aliyeingia madarakani 2004 na kuondoka 2013. Kijana wa leo ukimwambia Tenga alikuwa beki wa Taifa Stars kule Lagos, atakuangalia kama unamtania. Ofisi imemfunika beki.

Sasa ruka miaka thelathini na mitano mbele, uje kwa Yondani. Machi 2014, Yanga inakutana na Al Ahly ya Misri kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika. Al Ahly alikuwa ametoka kuchukua ubingwa wa Afrika mara mbili mfululizo, 2012 na 2013. Mabeki wa kati wa Yanga ile walikuwa Yondani na Nadir Haroub, Mzanzibari ambaye wote tunamwita Cannavaro. Tarehe 1 Machi, Dar es Salaam, Yanga akashinda 1-0. Mfungaji? Cannavaro, kwa kichwa. Siku hiyo beki alikumbukwa, lakini kumbuka kwamba alikumbukwa kwa kufanya kazi ya mshambuliaji. Marudiano kule Alexandria, tarehe 9 Machi, Al Ahly akashinda 1-0, wakaenda kwenye mikwaju ya penati na Yanga akatolewa 4-3.

Mtaani inasimuliwa mikwaju iliyopotea. Lakini rudi kwenye hesabu. Bingwa wa Afrika, dakika 180, nyumbani na ugenini, bao moja tu. Ni hesabu ileile ya Zambia ya 1979. Mimi nikiambiwa nichague kazi kubwa ya Yondani, nitaitaja hiyo kabla ya kombe lolote. Na ni kazi iliyoishia kwenye kutolewa, kwa hiyo hakuna picha ya kombe ya kuiambatanisha nayo.

Yanayokumbukwa ni mengine. Tarehe 20 Oktoba 2013, Simba na Yanga. Nusu ya kwanza Yanga anaongoza 3-0, bao moja la Mrisho Ngassa na mawili ya Hamis Kiiza. Watu wa Simba wameanza kutoka uwanjani. Kipindi cha pili Betram Mwombeki anafunga, Joseph Owino anafunga, Gilbert Kaze anafunga. 3-3. Mechi ile haitasahaulika, na aliyekuwa katikati ya ukuta wa Yanga ni huyohuyo Yondani na Cannavaro wake. Nusu saa ile inajulikana kuliko misimu minne ya ubingwa. Cha kuchekesha ni kwamba Owino wa Uganda na Kaze wa Burundi nao walikuwa mabeki. Wamebaki kwenye historia ya mechi hiyo kwa sababu walipanda mbele. Yondani amebaki kwa sababu alikuwa nyuma.

Sisemi kwamba ukuta wa Yanga haukukosea siku ile. Mabao matatu kwa kipindi kimoja hayana utetezi. Ninachosema ni kwamba mizani yetu ina sahani moja tu. Mshambuliaji anaweza kukosa nafasi tano, akifunga ya sita anabebwa mabegani. Beki anaokoa tano, ya sita ikipita ndiyo inayoandikwa.

Kuna jambo la lugha hapa, na kwa kuwa huku ni kwa wasomaji wa fasihi, nadhani linatuhusu. Angalia majina tuliyowapa. Nadir Haroub tulimwita Cannavaro, kwa jina la Fabio Cannavaro, beki Mtaliano aliyechukua Ballon d'Or ya 2006. Yondani tukamwita Vidic, kwa jina la Nemanja Vidić, Mserbia wa Manchester United. Ni kweli washambuliaji nao tuliwapa majina ya kuazima, Omari Hussein wa miaka ile alikuwa Keegan. Lakini mshambuliaji, mbali na jina la kuazima, ana kamusi nzima ya Kiswahili inayomsubiri. Anapiga tobo, anavika kanzu, anatingisha nyavu, anapachika, anatupia. Mtangazaji wa redio ana akiba ya kumsifia dakika tisini asirudie neno.

Beki ana nini? Anaokoa. Anaondosha. Akifanya vibaya, anabutua. Majina tunayompa ni ya vitu visivyotembea: kisiki, ukuta, na siku hizi kitasa. Kitasa nalipenda, maana kitasa ni kitu kinachofanya kazi mlango ukiwa umefungwa na watu wamelala. Lakini hata kitasa hakina akili. Neno la kusema kwamba mtu alisoma wazo la mpinzani kabla mpinzani hajalimaliza kuliwaza, hatulitumii kwa beki. Kwa hiyo tulipotaka kumsifu Yondani tukaona tuseme tu ni kama yule wa Ulaya. Tulikuwa tunamheshimu, ila tulikosa maneno yetu ya kumheshimu.

Si kila mahali ni hivyo. Tazama Korea Kusini. Kombe la Dunia la 2002 walifika nusu fainali wakiwa wenyeji, na katika mechi sita za kwanza, dhidi ya Poland, Marekani, Ureno, Italia, Hispania na Ujerumani, waliruhusu mabao matatu tu. Nahodha wao, Hong Myung-bo, alikuwa beki, na FIFA ikampa tuzo ya mchezaji bora wa tatu wa mashindano yote. Penati iliyoitoa Hispania alipiga yeye, sawa, lakini tuzo ile haikuwa ya penati moja. Miaka ishirini baadaye akaja Kim Min-jae, akaenda Napoli, msimu wake wa kwanza na wa pekee pale klabu ikachukua ubingwa wa Italia wa 2022/23 baada ya kuusubiri miaka 33, na yeye akatangazwa beki bora wa ligi. Napoli walikuwa na Osimhen anayefunga na Kvaratskhelia anayechezea watu, ila nafasi ya kumtaja beki kwa jina lake mwenyewe ilipatikana. Kim hakuitwa Cannavaro wa Korea, na hiyo ilikuwa Napoli, mji aliozaliwa Cannavaro.

Sisi tulipata nafasi kama hiyo 2019. Kufuzu kwa AFCON ya Misri kulikamilika tarehe 24 Machi, Dar es Salaam, tulipoifunga Uganda 3-0. Uganda ilikuwa haijaruhusu bao hata moja katika kundi lile kabla ya siku hiyo. Msuva alifunga la kwanza, Erasto Nyoni akaweka penati, Aggrey Morris akapiga la tatu. Mawili kati ya matatu ni ya mabeki. Lakini kuna mechi nyingine ambayo haitajwi: tarehe 8 Septemba 2018, kulekule kwa Uganda, 0-0. Tulimaliza kundi na pointi 8, Lesotho 6, na pointi moja kati ya zile 8 ilitoka Kampala, kwenye mechi ambayo hakuna cha kusimulia. Sufuri kwa sufuri. Zizi asubuhi, ng'ombe wote wapo.

Misri kwenyewe mambo yalikuwa magumu. Senegal 2-0, Kenya 3-2 baada ya sisi kuongoza mara mbili, Algeria 3-0. Mabao nane kwa mechi tatu. Senegal na Algeria ndizo zilizokutana fainali, kwa hiyo hatukufungwa na watoto. Hata hivyo mabao hayo yana tarehe na dakika zake, na yatabaki kwenye kumbukumbu za dunia muda mrefu baada ya sare ya Kampala kusahaulika.

Sasa tuje Geita, alikoelekea akiwa na miaka 36.

Geita ni mkoa kijana, umezaliwa 2012, na sehemu zake kama Bukombe na Mbogwe zilimegwa kutoka Shinyanga. Klabu yake nayo ilikuwa na kidonda. Mwaka 2016, wakati wa kugombea kupanda Ligi Kuu, Geita ilishinda mechi ya mwisho 8-0 dhidi ya JKT Kanembwa, huku Polisi Tabora nao wakiifunga JKT Oljoro 7-0. TFF ikasema matokeo yamepangwa, klabu zote nne zikashushwa, na Mbao ya Mwanza ikapanda. Fikiria hilo kidogo. Klabu iliadhibiwa kwa sababu ya mechi ambayo mabeki wa upande wa pili hawakuonekana. Ni mara chache sana nchi hii imewahi kujiuliza kwa uchungu hivyo: mabeki walikuwa wapi?

Geita Gold ilipanda 2021, na safari hii ikaanza kwa kuleta wazee wa nyuma, Yondani mmojawapo. Msimu huohuo wa kwanza, 2021/22, chini ya kocha Fred Felix Minziro, ikamaliza ya nne, nyuma ya Yanga, Simba na Azam, ikapata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Kule haikukaa, ilitolewa na Hilal Alsahil ya Sudan kwa bao la ugenini, ikifungwa 1-0 na kushinda 2-1. Ila kwa klabu iliyopanda jana, nafasi ya nne ilikuwa maajabu. Na maajabu hayo yana jina moja midomoni mwa watu: George Mpole, mabao 17, mfungaji bora wa ligi, moja mbele ya Fiston Mayele wa Yanga.

Mpole alistahili kila kitu. Lakini wachimbaji wadogo wa Geita wangeielewa hadithi hii kwa namna yao. Kwenye duara, kabla hujafikia mwamba wenye dhahabu, unaweka matimba, yale magogo ya kushikilia kuta zisiporomoke. Mawe yenye dhahabu yakitoka juu, watu wanaulizana gramu ngapi. Hakuna anayeuliza matimba yalikuwa ya mti gani. Watayataja siku duara likititia.

Na limetitia. Stand United ilishuka Ligi Kuu 2019. Mwadui, timu ya mgodi wa almasi, ikashuka 2021. Geita Gold yenyewe ikashuka 2024. Ndani ya miaka mitano mkanda wote wa migodi ulibaki bila timu iliyokuwa juu. Klabu ikishuka, kumbukumbu zake huondoka kwa foleni, na mabeki ndio wa kwanza mlangoni. Pastory Athanas atabaki Kambarage, Mpole atabaki Geita, kwa sababu wana bao na tarehe ya kujishikiza. David Luhende, beki wa kushoto aliyetoka Yanga akaja kuichezea Mwadui misimu kadhaa, atajishikiza kwa nini?

Waliowaona bado wapo. Kuna watu Shinyanga waliokaa Kambarage jua likiwachoma, waliomwona beki fulani akimfuata mshambuliaji hatua kwa hatua mpaka mshambuliaji akakata tamaa. Wanayo habari hiyo, ila hakuna aliyewauliza. Tunaoandika ndio wenye deni. Tunapohoji wachezaji wa zamani, swali letu la kwanza ni bao gani hulisahau. Yondani tumuulize jingine: pale Alexandria, ni pasi gani uliyoiona kabla haijapigwa?